Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Katika familia ile, watu walitania, mtoto alijua kubadili gia kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Babu alikimbiza magari. Baba naye akakimbiza, akatwaa ubingwa wa kanda mara nne, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia, hadi alipopinduka kwenye kona ya mawe akabaki na mguu usiokunjika. Watu waliendelea kumwita Radi hata alipoanza kutembelea mkongojo.

Usukani ukaenda kwa binti yake, ambaye uwanjani walimwita Mshale. Kaka yake hakupewa gari, alipewa spana. Akawa fundi wake, na fundi hodari kwelikweli. Kabla hajafika miaka thelathini, Mshale alikuwa bingwa mara tatu.

Msimu wa kutafuta ubingwa wa nne, gari likaanza visa. Kwenye kona lilikwenda vizuri, lakini likifika njia iliyonyooka linakata pumzi, na wenzake wanampita kama amesimama.

"Halivuti," alimwambia kaka yake.

Kaka alifungua boneti, akavuta kwa mkono waya unaofungua mafuta, injini ikanguruma. "Mbona liko sawa?"

"Sawa kwako. Wewe huendi nalo kwenye mbio."

Hakulipanga neno lile, lakini likishatoka, likamfungulia mlango wa mawazo. Alikumbuka jinsi kaka yake alivyojifungia chumbani siku baba alipomkabidhi yeye funguo. Akaanza kuona mambo. Kaka anacheka kwenye simu, dada akiingia anakata. Kaka anamletea chai, dada anasubiri mpaka ageuke aimwage kwenye ndoo ya oili chafu. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Ndipo akachukua rangi yake nyekundu ya kucha. Akapaka mstari mwembamba juu ya kila skrubu aliyoifikiria, kutoka kichwani hadi kwenye chuma kilichoishikilia. Ikigeuzwa, mstari unakatika.

Asubuhi ya mbio za tatu alipiga magoti na tochi. Kwenye injini, mistari yote mizima. Chini ya pedeli ya mafuta, kwenye skrubu inayoizuia isishuke kupita kiasi, mstari ulikuwa umekatika. Skrubu ilikuwa imeinuliwa. Hata ukikanyaga kwa mguu wote, mafuta hayafunguki hadi mwisho.

Alimkabili kaka yake palepale, madereva na mafundi wakiwa wamejaa uani.

"Kijicho chako kimekufikisha huku?"

Kaka aliinama, akaitazama ile skrubu kwa muda mrefu. Kisha akajifuta mikono, akaweka funguo zake za gereji juu ya boneti.

"Mdogo wangu," alisema, "siku utakapomjua aliyefanya hivi, usije kuniomba radhi mbele ya watu wachache kuliko hawa."

Akaenda kufanya kazi kwenye gereji ya malori.

Mshale alirudisha skrubu mahali pake, akaipaka rangi upya. Juma lililofuata mstari ulikuwa umekatika tena. Funguo za kaka alikuwa nazo yeye. Zilizobaki zilikuwa za mtu mmoja tu. Moyo ulimtajia, akaukatalia.

Kesho yake aliaga kwamba anakwenda kujiandikisha kwa mbio. Akaliacha gari lake la kutembelea njia panda, akarudi kwa miguu, akaketi nyuma ya rundo la matairi. Haikupita nusu saa, mlango ukafunguliwa taratibu. Baba yake aliingia, mkongojo ameubana kwapani usigonge sakafu. Akajishusha kwa taabu hadi chini ya usukani, bisibisi mkononi.

"Baba."

Mzee hakushtuka. "Naizungusha skrubu mara mbili tu, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Mguu huu unauona. Ile kona haina mwenyewe. Sitaki uje kuchomolewa kwenye vyuma kama mimi."

"Misimu mitatu hukuniogopea. Umeanza kuniogopea huu wa nne?"

Radi alifuta bisibisi kwenye suruali, ingawa haikuwa na oili. "Mzazi haulizwi hivyo," akasema.

Mshale alikwenda gereji ya malori saa ya chai, mafundi wote wakiwa wamekaa. Aliomba radhi kwa sauti, akasema aliyoyaona, akasema na kosa lake.

"Wa nyuma hawajasikia," kaka yake alimwambia.

Akarudia. Mafundi wakacheka, kaka hakucheka. Msimu ule Mshale alimaliza wa pili, bila fundi wa kudumu. Uliofuata kaka alimkubalia, kwa sharti kwamba gari lilale kule kwenye malori. Wakachukua ubingwa wa nne, na mwaka uliofuata wakachukua wa tano.

Siku ya ule wa tano Radi alikuja uwanjani. Alipiga makofi, akatokwa na machozi, na waliomzunguka wakasema hakuna raha kama ya mzazi. Mshale aliyatazama yale machozi akiwa bado na kofia kichwani. Hakujua ayaweke upande gani, na hata leo, miaka mingi tangu astaafu, hajajua.

Mzee alisogea, akaomba aonyeshwe injini.

"Imechemka, Baba," alimjibu kwa upole. "Ngoja ipoe."

Akasimama kando ya gari, mkono juu ya boneti, mpaka baba yake alipoondoka.