Kibanja cha Marehemu Baba

Mibuni inapotoa maua baada ya mvua za kwanza, harufu yake tamu humsahaulisha mtu shida zake. Mimi hunikumbusha mikeka na sufuria zilizofungwa kamba, zikisubiri mlangoni kwetu Kaisho.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera. Baba alikuwa amefariki, akamwacha mama na sisi mabinti wawili. Mtoto wa kiume hakuwapo, na desturi ya kwetu kila mtu aliijua: kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, ni cha ukoo. Baba mdogo Hamisi angekirithi, mama angerudi kwao Igurwa. Mama hakutaka kungoja kufukuzwa, akafunga mizigo mapema, hata eda ikiwa bado haijaisha. Nami kwa ujinga wangu nilifurahia safari, maana kwa bibi kulikuwa na maziwa. Kisha nilimwona akipita shambani, akigusa mgomba mmoja mmoja, na furaha ikaniisha.

Siku ya arobaini, baada ya dua na pilau ambayo majirani zetu Wakristo waliisifu kuliko sisi wenyewe, baba mdogo alianza kueleza jinsi atakavyoipogoa mibuni. Maalim aliyetufundisha Kurani alinawa mikono taratibu.

"Hamisi, ndugu yako ulimzika vipi?"

"Kiislamu, maalim."

"Basi na mali yake igawe Kiislamu. Mke ana fungu lake. Mabinti wana lao, na ndilo kubwa. Lako ni litakalobaki."

"Kwa mila zetu mwanamke harithi kibanja."

"Mafungu hayo sikuyapanga mimi. Yamo katika Kurani."

Baba mdogo aliwatazama wazee wa ukoo, wazee wakatazama sahani zao.

"Sawa," akasema. "Mila nitaulizwa na ukoo. Hili nitaulizwa na Mungu."

Akachukua kipande cha bondeni, wala hakutusumbua tena. Mimi nikaenda mlangoni kufungua kamba za mizigo.

Maalim alipokuja mlangoni kuaga, mama alianza kumshukuru. Akamkatiza.

"Mama Zaituni, usinishukuru. Sijakupa kitu."

Nilimwona mtu wa maringo, na kwa miaka mingi nikasimulia habari za maalim aliyetupa shamba. Ukubwani ndipo nilipomwelewa. Siku ile hakuna aliyetuhurumia. Kibanja kilikuwa chetu tayari, ila hakuna aliyekuwa ametuambia.