Feni ya Bluu Iliyosalimia Watu

Mama Kimbunga alikuwa mkausha mazulia. Jina hilo wateja walimbandika kwa sababu ya feni zake tatu, zile fupi nene zinazokaa sakafuni na kupuliza upepo chini chini mpaka mapazia yanaruka. Bomba likipasuka nyumbani kwako, ndiye wa kumwita. Kazi aliijua, mdomo alikuwa nao, na ubishi ndio usiseme.

Feni moja, ya bluu, ilikuwa na tabia yake. Ukiigusa ikiwa inazunguka, inakutekenya vidole. Mwingine angeipeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Yeye aliitungia sheria: anayeigusa avae kwanza ndala za mpira.

"Inasalimia tu," alimwambia mdogo wake, aliyefanya naye kazi. "Ina adabu kuliko wewe."

Wakacheka miaka yote hiyo. Jamani! Watu wazima na akili zao, wanaivalia feni ndala!

Siku hiyo walikuwa sebuleni kwa fundi umeme mmoja mstaafu, zulia limelowa chapachapa. Mdogo mtu alivua ndala asichafue sehemu aliyokwisha kusugua. Mara feni ya bluu ikaanza kukoroma na upepo ukapungua. Bila shaka ilikuwa imevuta nyuzi za zulia. Badala ya kuizima na kuchomoa plagi, akainama kuisogeza hivyohivyo, kama alivyozoea kumwona dada yake akifanya.

Hakupiga hata yowe. Mkono uling'ang'ania mpini, meno yakakazana, mwili mzima ukatetemeka. Mama Kimbunga alidhani ni mzaha. Kisha akayaona macho ya mdogo wake yamemtoka. Akataka kumrukia.

"Usimguse!" mstaafu alifoka kutoka mlangoni. "Utanasa na wewe!"

Mzee akakimbilia swichi kuu, akaizima. Nyumba nzima ikanyamaza. Mdogo mtu akaanguka kama gunia.

Alikuwa anapumua. Walimbeba hadi barazani pakavu, wakaita gari la wagonjwa. Wakati wakisubiri, mstaafu aliichomoa feni, akaifungua. Ndani, waya uliochubuka ulikuwa umelalia ganda la chuma. Akafungua na plagi, akaguna.

"Waya wa kupeleka umeme ardhini uko wapi? Nani kaukata?"

Ni Mama Kimbunga. Aliukata mwenyewe, kwa mkasi wa jikoni, siku alipobadilisha plagi. Aliuona wa ziada. Kumbe miaka yote ile ilikuwa si salamu, ilikuwa kifo kinabisha hodi, naye anakicheka! Akapiga magoti kando ya mdogo wake, akamshika mkono wenye vidole vilivyoungua, akaanza kulia bila haya.

Mdogo mtu akafumbua macho.

"Dada, usinigombeze," alinong'ona. "Kosa langu. Umeniambia kila siku nivae ndala."