Jino la Chuma Ndani ya Kikapu cha Mpunga

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka tu, mguu huu wa kulia unaanza kutikisika wenyewe. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, hapa hapa Baraka, mjini kwetu kando ya ziwa, nami nikifanya kazi kwenye mashini ya kukoboa mpunga. Shule niliiacha mapema, sikufichi. Lakini mashini ile niliijua kwa masikio kuliko wengine walivyoijua kwa vitabu.

Upande mmoja ilikaa injini ya mazutu, yaani dizeli, upande wa pili pipa la kukobolea. Katikati kilipita chuma kirefu cha kuzunguka, yaani shafti, kilichokatwa vipande viwili. Kila kipande kilikuwa na meno manne mwishoni, na palikuwa na mkono wa chuma wa kuyasukuma meno yaingiane. Hiyo ndiyo klachi. Sisi kwa Kifaransa chetu cha kuokota tuliiita ambreyaji. Meno yakishikana, pipa linazunguka. Yakiachana, injini inanguruma peke yake na pipa linalala.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Sumaili, aliyepiga makasia ziwani tangu ujana wake. Kabla ya kusukuma mkono ule alipunguza mazutu mpaka injini ikohoe, kisha aliimba wimbo wa makasia, beti mbili, taratibu. Ubeti wa pili ukiisha ndipo anasukuma. Saa hatukuwa nayo. Wimbo ndio ulikuwa saa. Mimi nilidhani ni uzee tu. Nilikuwa nabadilisha miguu kama kuku juu ya majivu ya moto, nikijiuliza huyu mzee anamwimbia nani.

Mchana mmoja akaniambia, "Mi naenda kuswali. We chunga moteri ipumue tu pole. Ule mukono wa chuma, usiguse."

Hata hajafika msikitini, akaingia Mama Riziki na kikapu cha mpunga. Elewa vizuri: Riziki ndiye binti niliyemtaka, na wazee wangu walikuwa wamekwisha kupeleka neno la kwanza kwao. Mama huyo, kwa heshima yetu ya mkwe, sikupaswa hata kumtazama machoni. Naye akaongea na ukuta, akasema boti ya kwenda Kazimia iko inangoja, na mchele huu ni wa karamu ya kaka yake kule.

Nikauambia ukuta kwamba utakuwa tayari sasa hivi. Mazutu sikupunguza, niliongeza, ili asikie nguvu. Sikuimba hata neno moja. Nikasukuma.

Chuma kikalia kama mbuzi anayechinjwa. Jino moja likakatika, likapita karibu na sikio la Mama Riziki, likazama ndani ya kikapu chake. Pipa likabaki kimya, na injini ikaendelea kunguruma kama inanicheka.

Mzee Sumaili alirudi mbio, maji ya udhu yangali ndevuni. Akazima injini, akatazama meno. Hakupaza sauti.

"Mwenye kulala hawezi kumufuata mwenye kukimbia," akasema. "Mwenye mbio ndiye anapunguza."

Kisha akanipa mchi. Nje walikuwa wamekwisha kujaa wanawake wengine na vikapu vyao. "Bamama wameleta mpunga wao," akasema, "hawatarudi nao bure."

Mashinisti, tena mwanamume, kutwanga! Bamama walicheka mpaka machozi. Mmoja akauliza, "Kijana, ambreyaji yako leo iko ku mabega?" Na aliyeshika mchi wa pili kwenye kinu changu cha mti alikuwa Mama Riziki mwenyewe. Nilitwanga kwa hasira, michi ikagongana, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka viganja vikaniwaka.

"Ngoja wangu ushuke," akasema, macho yake ndani ya kinu.

Nikangoja. Michi ikapishana. Lakini boti ya Kazimia ilikuwa imekwisha kuondoka, na kabla ya kubeba kikapu chake alimwambia Mzee Sumaili, ili mimi nisikie: jibu la Riziki atalitoa siku pipa litakapozunguka tena, na asukume huyu huyu.

Meno mapya yalitoka Albertville, yaani Kalemie ya leo, yakachelewa majuma mengi. Usingizi sikuujua. Yalipofungwa, Mzee alinionyesha mkono wa chuma, yeye akakaa pembeni. Mama Riziki alisimama mlangoni. Nikapunguza mazutu. Nikaimba, mguu ukitetemeka, ubeti wa kwanza, wa pili. Nikasukuma. Meno yakaingiana kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga sanduku.

Mama Riziki akaweka jino lile lililovunjika juu ya benchi. "Lete wazee wako waje kuposa," akasema.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja jino, tena la chuma. Ninalo mpaka leo. Mwanangu, kila nilichonacho nimekitafuta kwa mikono hii, sikurithi hata jembe, kwa hiyo sikukatazi nguvu. Lakini unaingia nyumbani na mbio za barabarani, unataka mke, mzazi, hata mgonjwa aanze kukimbia papo hapo. Punguza wewe kwanza. Ngoja mshikane, halafu ongezeni pamoja. Ukimvuta aliyesimama kwa nguvu zako zote mtavunjika nyote wawili, na jino litamrukia hata asiyehusika.

Mungu akuzidishie nguvu, akupe na sikio la kujua wakati wa kuzipunguza. Nenda salama, na meno yako yote yafike uzeeni.