Tandiko Lisilo na Ubao

Mama alipotangaza kwamba anakwenda Kimali kwa punda, nilikuwa na uji mdomoni, nusura nipaliwe. Mjane mzima, nyonga mbovu, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, anayeheshimika kijiji chetu chote cha Nkololo, na tangu azaliwe hajapanda mnyama yeyote. Kwetu punda hubeba maji na magunia. Mtu mzima akionekana juu ya punda, watoto humsindikiza kwa vicheko mpaka mlangoni kwake.

Sababu alikuwa nayo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, wanunuzi binafsi wa pamba wameingia kwa kishindo, kila mmoja na mizani yake na lori lake, wanakimbizana kuwahi vijijini utadhani pamba ingeota miguu. Lori mojawapo lilimpa mama lifti juu ya mzigo, likakata kona bila kupunguza mwendo, likamrusha. Alilazwa Bariadi muda mrefu, na alipotoka aliapa hatapanda tena kitu chenye injini. Kutembea mwendo mrefu ndiyo hivyo tena, nyonga haikubali. Na Kimali ndiko alikozaliwa, ndiko alikobaki dada yake, mama yetu mkubwa. Hawakuwa wameonana tangu msiba wa baba. Alisema anataka kumwona dada yake akiwa bado na macho ya kumwonea, na hapo mjadala akaufunga.

Kaka yangu alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama aliishi kwenye mji wa baba, yaani boma letu, ambao sasa ulikuwa wa kaka. Kaka alikuwa ameanza kupata uwezo, ana duka la vipuri vya baiskeli, na alisema watu watamwona hana haya kama mama yake anasafirishwa kama gunia la mahindi. Akaahidi kukodi pikapu. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akanigeukia kuniuliza ni punda yupi mpole zaidi.

Mimi nilikuwa mwalimu mjini Bariadi, nimekuja nyumbani likizo, kitinda mimba, sijaolewa. Mambo yote ya ajabu katika ukoo wetu huishia mikononi mwangu.

Tandiko la kwanza alilitengeneza seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, na kusema kweli lilikuwa benchi. Mama alikaa juu yake mpaka kisimani tu. Aliposhuka midomo ilikuwa imemkauka, nyonga imevimba, na mgongoni mwa punda manyoya yamechunika pale mbao zilipokandamiza. Niliona hasira mpaka nikalia. La pili lilikuwa gunia tulilolijaza pumba. Hilo lilizunguka likamtupa mama chini, katikati ya miguu ya punda, na mimi nikapiga yowe lililoleta majirani. Nilidhani nimemuua. Kumbe amelala pale na vumbi usoni, anacheka. Sikuona cha kuchekesha hata kidogo.

Nilimwomba aache. Kuanzia hapo chakula kikawa hakimpiti. Nilishangaa kuona kwamba safari ya kumwona dada inaweza kumkondesha mtu kiasi kile.

Basi nikaenda Lamadi kununua dagaa, nikapita kwenye mitumba. Wasiokuwepo wakati ule hawawezi kuelewa. Sisi tuliopanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni, ghafla tunamwagiwa chini marobota ya nguo za watu tusiowajua, makoti ya baridi kali, viatu vya kuchezea barafu, sidiria zenye ukubwa wa kutisha. Kwenye rundo moja muuzaji alikuwa amemvalisha mvuvi kitu cha ngozi laini, kinene, akimfunga mikanda kifuani na kumhakikishia kwamba ni boya, hata mtumbwi ukipinduka hazami. Mvuvi anajigeuza huku na huku, vyuma viwili vinaning'inia kiunoni. Nilivitazama vile vyuma vizuri. Vilikuwa vikuku vya kuwekea miguu, nilivyoviona darasani kwenye picha ya askari wa farasi.

Nilimvua yule baba boya lake mbele za watu. Nikamwambia akizama nalo tutamwokota na samaki. Nikalikunja lile tandiko, likakunjika kama blanketi. Nikalibonyeza kila mahali nikitafuta ubao au chuma ndani, hakuna. Sikuwahi kujua kwamba kuna tandiko la namna hiyo duniani, na nililipa haraka kabla mtu mwingine naye hajajua.

Lakini lilikuwa la farasi, na punda wetu alikuwa mwembamba wa mgongo. Lilimtambaa mpaka shingoni. Tukashona mkanda wa kupita chini ya mkia. Kisha tukagundua kwamba kwa kuwa halina ubao, uzito wote unalala juu ya uti wa mgongo. Mama alifikiri kidogo, akachukua kanga kuukuu akaviringisha pamba, akatengeneza ngata mbili ndefu kama zile za kujitwishia ndoo, moja kila upande, uti ukabaki wazi katikati. Akapanda. Akazunguka mji mara kadhaa. Halafu akaniambia, "Hili linakalika," na jioni ile akala ugali wote.

Siku ya kuondoka nilipata mshtuko mwingine. Mama alitoka chumbani amevaa suruali. Suruali ya kiume ya mtumba, ya kahawia, na kanga juu yake. Wake za wachungaji walikuwa wamekuja kumuaga kwa sala. Mmoja alifumba macho kabla sala haijaanza. Kaka aliingia dukani kwake akafunga mlango.

Tulikwenda pole pole, mimi mbele na kamba, yeye juu. Watu waliacha majembe kutuangalia. Mama aliwaamkia wote, "Mwadila," na wao, midomo wazi, walimwitikia. Tulilala kwa mwalimu mwenzangu, kesho yake kwa jamaa wa baba. Mto Simiyu ulikuwa mchanga mtupu, tukavuka bila kulowa. Kila jioni nilimuuliza nyonga, kila jioni alisema ni nzima. Aliimba njiani, nyimbo za Kisukuma ambazo sijawahi kumsikia akiziimba nyumbani, za utani, nyingine za aibu kabisa. Mwanamke niliyekuwa nikimvuta kwa kamba sikumfahamu vizuri.

Mama mkubwa alitusikia kabla ya kutuona. Alikuja anajikongoja, akamkumbatia mama mguu wakati hajashuka, wakakaa hivyo, mmoja juu na mmoja chini, punda amesimama kimya. Nililia kwa furaha. Nilijiona nimefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu.

Likizo ilipokaribia kwisha, niliamka asubuhi nikamtandika punda. Ngata zikakaa sawa, mikanda nikaikaza. Mama alikuwa mlangoni na dada yake wanamenya karanga. Hakuinuka.

"Punda rudi naye," alisema. "Mimi nimefika."

Nilidhani anataka kukaa kidogo zaidi. Nikamwambia nitamfuata likizo ijayo. Akatikisa kichwa, akaendelea na karanga zake. Alisema aliletwa Nkololo akiwa msichana asiyejua lolote, siku ng'ombe wa mahari walipofika kwao, na hakuna aliyemuuliza. Alimtunza mume, akamzika, akatulea. Hana ugomvi na mtu. Nikamuuliza, sisi je, wanawe, nyumba yetu je?

"Kwenu ni pale," alisema. "Mimi pale nilikuwa naishi tu."

Nilisimama nimeshika kamba kama mtu aliyepigwa kofi. Miaka yangu yote nilikula kwenye jiko lake, nikalala kwenye kitanda alichotandika, nikiamini kwamba nyumba ile ni yeye. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemtafutia tandiko. Nililia tena, si kwa furaha. Alinifuta uso kwa pindo la kanga, akanifungia karanga za njiani, akanisindikiza mpaka penye njia.

Nilitembea nikimvuta punda mpaka kwenye mchanga wa mto, na hapo miguu ikagoma. Sikuwahi kulijaribu lile tandiko. Nilipanda. Mama alisema kweli, linakalika, mtu anaweza kulikalia safari nzima asiumie popote. Nililikalia mpaka Nkololo, na watoto walionicheka sikuwajibu.

Kaka alikuwa barabarani ananisubiri. Aliniona mimi juu ya punda, akatazama nyuma yangu, akatazama tena. Nilishuka nikamwambia mama amefika salama. Akaniuliza nimemwacha wapi. Nikamwambia kwao. Akasema, "Kwao si hapa?" na mimi, mwalimu, nikainama kufungua mikanda ya tandiko.