Majina Kumi na Tisa Niliyoyapaka Wino

Nikikwambieni kwamba mimi Raya, mwanafunzi wa hesabu mwaka wa kwanza chuo kikuu, nilikaribia kuvuruga harusi ya dada yangu wa tumbo moja kwa kalamu ya wino mweusi, msianze kucheka kwanza, ngojeni nifike, maana aibu yenyewe iko mbele huko, na mpaka leo hapa kwetu Gando, Pemba, nikipita dukani hakosi mtu wa kuniuliza kama na yeye nimeshamfuta.

Muhula ule mwalimu alikuwa ametusomesha seti. Ukiisikia ni kitu chepesi: seti ni mkusanyo wa vitu, kila kilichomo ndani ni memba, na memba hata ukimwandika mara mbili anabaki yule yule mmoja. Ukiwa na seti mbili unachora viduara viwili vinavyopandana, na pale vinapopandana ndipo wanapokaa wale waliomo kote kote, panaitwa makutano. Basi mimi wiki mbili nzima nilikuwa sielewi kitu, naitikia kwa kichwa tu darasani, halafu siku moja ikaniingia, na ilivyoniingia ikanivimbisha kichwa! Nikarudi Pemba likizo kila nikitazamacho nakiona seti, kuku wa mama seti, ndala za mlangoni seti, mpaka mama akaniambia, "Mwanangu, hebu punguza, utaugua."

Likizo ile dada yangu Salma alikuwa anaolewa na Hamadi. Hamadi ni jamaa yetu, na jamaa zake ni jamaa zetu (mnaijua Pemba nyinyi, ukivuta uzi huku shangazi anatikisika kule). Mama akanipa orodha ya nyumba za kualika, nyumba sitini na ushei, akasema, "Raya, wewe ndiye mwenye miguu."

Sasa kwetu kualika si kutuma ujumbe wa simu. Anatumwa mtu, anapiga hodi, anakaribishwa, anaulizwa hali ya nyumba nzima mpaka ya mbuzi, anywe maji, ndipo aseme alichotumwa. Nyumba sitini! Jua lile! Na mimi mvivu, sifichi. Nikamwomba Maua, dada yake Hamadi, anioneshe orodha ya upande wao, nikachora viduara vyangu viwili kwenye daftari, na katikati wakaniingia watu kumi na tisa, wamo kwetu na wamo kwao. Nikajiambia, hawa si watapigiwa hodi na Maua? Kwa nini na mimi niende? Nikawapaka wino kwenye orodha yetu, safari kumi na tisa zimepungua, nikalala usingizi wa raha kabisa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano Maua kaja mbio.

"Raya, nasikia una hesabu ya kupunguza safari. Nifanyie na mimi, shoga yangu, visigino vinaniwaka moto."

Nani hapendi kuombwa msaada wa kitaalamu? Nikafungua daftari lile lile, viduara vile vile, nikamwonesha pale katikati kama mwalimu anavyotuonesha ubaoni, nikamwambia, hawa kumi na tisa wamo kwenye orodha yetu, wafute. Akafuta. Wallahi wabillahi sikukumbuka kwamba kwetu nimeshawafuta mimi mwenyewe juzi. Mwalimu alisema watu wa katikati unawatoa upande mmoja, ili wasihesabiwe mara mbili. Mimi niliwatoa pande zote mbili, kwa hiyo hawakuhesabiwa hata mara moja.

Na hao wa katikati si watu wa mbali. Mtu hawi ndugu wa pande zote mbili ila awe ndugu hasa. Wa kwanza wao alikuwa mama yetu mkubwa, Bi Kazija, dada wa mama yangu, aliyeolewa na ami yake Hamadi.

Ijumaa baada ya sala ndiyo ilikuwa siku ya kuchambua mchele. Mama katandika majamvi uani, magunia ya mchele yamefunguliwa, nyungo zimepangwa, na wanawake wakaanza kuingia, mmoja mmoja, jirani, mke wa mwalimu wa madrasa, watu wa mtaa wa tatu huko ambao tukikutana nao ni kwenye maziko tu. Mama anawakaribisha huku jicho liko njiani. Saa nane ikapita, saa tisa ikaingia, hakuna dada yake, hakuna binamu zake, hakuna hata mmoja wa kupiga kigelegele, watu wanachambua mchele kimya utadhani hitima.

Ami mmoja akatumwa na gari ya ng'ombe kwa Bi Kazija kuchukua masufuria ya shughuli, maana masufuria makubwa ya ukoo mzima hukaa kwake. Gari ikarudi tupu. Ami kashuka, kakuna kichwa, kasema, "Bi Kazija anakusalimuni sana. Anasema masufuria yapo, lakini nayo hayakualikwa."

Kila ungo ukasimama.

"Nani alikwenda kwa dada?" mama akauliza, na sauti haikuwa ya kuuliza.

Na mimi, kwa kujiamini kwangu kote, mbele ya ua mzima, nikajibu, "Yule yumo kwenye orodha ya akina Hamadi, mama, tumemtoa kwetu ili asirudiwe." Maua alikuwa pale pale na ungo mapajani. Akanitazama, akasema taratibu, "Raya, si wewe ulinambia yumo kwenu?"

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Gando ni ngumu wakati wa kiangazi. Salma alikuwa ndani, kawekwa, hatakiwi kuonekana, nikamsikia akilia nyuma ya pazia, "Mama mkubwa asipokuja mie siolewi, sikilizeni nyote, siolewi!" Na hapo si kudeka. Mama alipougua muda mrefu, sisi wadogo, Bi Kazija ndiye aliyemchukua Salma, akamlea miaka miwili, akamfundisha kusuka ukili na kusoma Kurani.

Mtu mwenye akili angekwenda kuomba radhi kwa mikono mitupu. Mimi nilichukua daftari. (Msiniulize kwa nini. Nilidhani akiuona mchoro ataelewa.)

Nikafika kwa Bi Kazija, nikaingia uani, Lahaula! Wamekaa wote, wote kumi na tisa, wakubwa kwa wadogo, wamejipikia muhogo wa nazi na pweza wao, wamesusa kwa pamoja. Katikati ya viduara vyangu ilikuwa imekaa pale uani inanitazama, hakukosekana memba hata mmoja.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umepotea?"

Nikafungua daftari, nikaeleza, kiduara hiki ni sisi, kile ni wao. Bi Kazija akavaa miwani yake. "Na hapa katikati?"

"Hapo ni nyinyi."

"Na huu weusi?"

Bi Shani, mzee kuliko wote pale, akainamia daftari akasema, "Mie kanifuta vizuri, mashallah, hata jina silioni."

Wakacheka, nami kwa ujinga nikadhani nimesamehewa, nikaongeza kwamba kwa mujibu wa hesabu memba hata aandikwe mara mbili ni mmoja tu, kwa hiyo mwaliko mmoja ulitosha.

"Mwalimu wako Pemba hajafika," akasema Bi Kazija. "Mie ni dada wa mama yake Salma. Na mie ni mke wa ami yake Hamadi. Akinialika mmoja, wa pili kanitupa. Mtu wa pande mbili hualikwa mara mbili. Haya, hapa niliposimama tupo wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Wawili!" ukajibu ua mzima.

Kisha akavua miwani, na sauti ikamshuka. "Siku nne nnakaa hapa nnasikiliza mlango, Raya. Kila hodi nnasema ndiyo hiyo. Harusi ya Salma nnaijua, mie ndiye niliyekuwapo alipoposwa. Lakini kujua si kualikwa."

Hapo daftari likanianguka, nikalia kwa aibu, na zaidi kwa kumwonea huruma, maana nilimkumbuka akinibeba mgongoni na mimi ndiye niliyemwacha anasikiliza mlango.

Akanihukumu pale pale. Watu wote warudi makwao, nami niende nyumba kwa nyumba, kumi na tisa, na kila nyumba nialike mara mbili. Lakini si kusema mara mbili ukakaa! Unaalika kwa ajili ya bibi harusi, unaaga, unatoka mpaka njiani, unarudi, unapiga hodi upya kwa ajili ya bwana harusi. Na wale wanawake, Mungu anawaona, kila nikirudi wananipokea kama hawajaniona mwaka mzima. "Ah, Raya! Umekuja lini? Mama hajambo? Mbuzi je?" Bi Shani alinipa maji mara mbili na kunipa wasia wa ndoa mara mbili, neno kwa neno. Nilianza alasiri Ijumaa, nikamaliza Jumamosi adhuhuri kwa Bi Kazija, niko hoi, na nilipomaliza hodi ya pili akaniambia tu, "Nimesikia. Mwambie ami yako alete gari, masufuria yana uzito."

Jumapili asubuhi alikuwa kwetu, ndiye aliyemfukiza Salma udi, ndiye aliyemfunga kanga, ndiye aliyelia kuliko mama. Alasiri watu wa bwana harusi wakaja kumchukua mwali, ngoma na vigelegele, mama akasimama mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Nani nyinyi?"

"Sisi watu wa Hamadi. Tumekuja kuchukua mwana wetu."

Mbele yao nani? Bi Kazija, kabadilisha kanga, katokea mlango wa nyuma saa ngapi sijui, kajitanda upya, kanyoosha shingo kama mgeni kutoka Mkoani, kusini huko. Mama alijaribu kujikaza, akashindwa, wakakumbatiana dada wawili wale, wanacheka na kulia pamoja, na Salma, ingawa mwali hatakiwi kuinua macho, aliinua.

Mimi nimeapa, orodha ya shughuli ya mtu siishiki tena na kalamu mkononi. Nikitumwa kualika nitakwenda kwa miguu, hata iwe nyumba mia. Jioni ile mama aliniambia nihesabu wageni, tujue sahani ngapi za pilau zitoke. Nikasimama mlangoni nikahesabu taratibu, kwa kidole, nikamhesabu Bi Kazija mara mbili, na alikula zote mbili.