Nilisoma Jibu la Atu Mbele ya Darasa

Nilikosea, na sina wa kumsukumia lawama. Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, niliyeletwa Kyela kutoka mkoa mwingine. Jina niachieni.

Tulikuwa tunachambua shairi la zamani la Ulaya, linalosimulia mateso ya watu wa mjini. Niliwauliza kidato cha tano: mshairi amerudia neno moja ubeti mzima, takriri hiyo ina kazi gani? Nilitaka lile nililowaandikia ubaoni, kutia msisitizo. Basi.

Binti mmoja, nimwite Atu, aliandika kwamba neno linarudi kwa sababu anayesema amefungiwa. Akaongeza kwamba baba yake mwenyewe alikuwa mlinzi Dar, tajiri wake akimfungia ndani ya ghala mpaka asubuhi. Tangu arudi nyumbani anazunguka uani akisema "fungua, fungua", na mlango uko wazi.

Jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu. Sikuliona hilo. Nililisomea darasa zima kwa sauti ya kuigiza, kisha nikamwambia, "Nimeuliza takriri, sijauliza habari za baba yako."

Walicheka sana. Kufikia mchana walishampa jina, Fungua. Kesho yake hakuja shule.

Mama yake akanifuata. "Mwalimu, nisaidie. Mtoto kagoma shule na sababu hasemi. Wewe atakusikia."

Nikaenda kwao. Baba alikuwa uani, anazunguka. Atu alikuwa anaanua kakao. Aliniamkia vizuri, akanitazama, akaningoja niseme mwenyewe.

Nikamgeukia mama yake. "Ni umri tu, mama. Atatulia."

"Ndaga fijo, mwalimu. Asante sana," akasema, akanifungia mchele nibebe. Atu akarudi kwenye kakao yake.

Hajarudi shule mpaka leo. Nimeomba uhamisho, sijapata. Mama yake anauza mchele sokoni, na kila akiniona anawaambia wenzake, "Huyu ndiye mwalimu aliyemhangaikia mwanangu." Siku hizi namtuma jirani aninunulie mboga.

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi, ukimdhalilisha mtoto mbele za watu, kamwombe radhi mbele ya watu haohao, mapema. Mimi nilichelewa mpaka mama yake akanishukuru, na sasa sijui nianzie wapi.