Wagonjwa Wetu wa Sengerema

Mama yangu hakuwa mwongo. Naliweka hilo mbele kabisa, maana haya nitakayoyasimulia yatamfanya aonekane bingwa wa uongo, naye akisikia sikumtetea atanifuata mpaka kitandani. Ila mwaka ule niliomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali, alidanganya mwezi mzima mfululizo, na alidanganya kwa ajili yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mambo yameachiwa. Mitumba ruksa, biashara ruksa, na sekondari za binafsi zinafunguliwa kila kona. Lakini waliozitaka walikuwa wengi kuliko madawati, kwa hiyo kila shule ilitoa fomu na kufanya intavyu, yaani mtihani wa kuchuja. Mama alipata fomu ya shule moja ya bweni ya masista, Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Akaniambia hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikiikosa, nitakaa naye sokoni nikipanga mafungu ya nyanya. Nilizichukia nyanya zile kwa moyo wangu wote.

Sasa, kwetu Mkolani fomu ya shule ilifichwa kama mimba changa. Ukiitaja tu, watu arobaini wataitaka, na wa arobaini na moja atakutazama kwa jicho baya. Mama akaitia yetu chini ya debe la unga, akanifungia chumbani na vitabu, akanifundisha jibu: wakikuuliza ulikuwa unafanya nini ndani, sema unachambua maharage. Rafiki yangu wa nyumba ya pili naye alikuwa haonekani. Nikimuuliza, anasema alikuwa anachambua mchele. Kwa mwezi ule nyumba mbili zilichambua nafaka za kulisha jeshi zima, na sisi kila siku tunakula ugali.

Jumamosi ya mtihani tulitoka alfajiri, tukapanda kivuko. Nani yuko pale kwenye benchi la mbele? Jirani wa nyumba ya pili, na binti yake, yule rafiki yangu. Binti amevaa viatu vya shule vimeng'arishwa, soksi nyeupe mpaka magotini, na rula imechungulia kwenye mfuko. Mimi pia soksi nyeupe, rula pia. Tulitazamana mara moja tu tukaelewa kila kitu. Mama zetu nao walielewa, thubutu waseme!

"Jirani! Safari ya wapi asubuhi hii?" akawahi kuuliza mama wa rafiki yangu.

"Ah, nakwenda kumwona shangazi yangu," mama akajibu bila kupepesa. "Amelazwa hospitali ya Sengerema. Miguu imevimba, we acha tu."

"Jamani, pole! Na mimi nakwenda kumwona wifi yangu, hospitali hiyo hiyo. Presha."

Wangeishia hapo tungepona. Lakini mtu akikwambia ana mgonjwa, na wewe uko njia moja naye, utampita hivihivi kama mnyama? Jirani akasema lazima ampe shangazi pole. Mama akasema na yeye hawezi kurudi Mkolani bila kumwona wifi. Basi wakaendelea mpaka ng'ambo wakiulizana habari za wagonjwa ambao hawakuwepo, na kila swali liliwaongezea ugonjwa. Kivuko kilipofika gatini shangazi alikuwa hawezi kugeuka kitandani na wifi alikuwa ameshaanguka mara mbili.

Gari lilitushusha Sengerema saa nne. Mtihani ulikuwa saa tano. Nilimvuta mama kanga, akanifinya. Tukaenda hospitali.

Nilimwombea askari wa getini awe mkali, kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa saa sita. Lakini bahati yangu! Tulimpata yule askari mmoja mwenye huruma katika nchi nzima. Aliona chupa ya chai na chapati, akasema, "Mmetoka mbali, mama zangu. Ingieni haraka."

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa. Mama alitembea katikati ya vitanda polepole, jirani nyuma yake anasubiri kuona shangazi ni yupi. Kwenye kitanda cha mwisho alikuwa amekaa bibi mmoja peke yake, hana mgeni, bandeji jichoni. Mama akamshika mikono yote miwili.

"Shangazi, shikamoo!"

"Marahaba," bibi akasema, akamtazama kwa jicho lililobaki. "Wewe ni wa nani?"

Mama akamgeukia jirani, akanong'ona, "Unaona? Hata kumbukumbu imeondoka."

Jirani akainama kwa huruma. "Pole, shangazi. Miguu inaendeleaje?"

"Miguu yangu mizima. Mimi naumwa jicho."

Nilicheka mpaka nikajiuma ulimi. Bibi hakuwa na habari nasi, alishapokea chai na chapati ya pili alikuwa anaimaliza, zetu zote za safari. Kisha akatugeukia sisi wawili, akatutazama kuanzia soksi mpaka rula.

"Na hawa Jumamosi yote hii wanakwenda shule gani?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika tano. Nikaziona nyanya, fungu kwa fungu, maisha yangu yote. Nikapasuka kulia. "Mama, intavyu!"

"Hata mimi!" rafiki yangu akapiga kelele.

"Sasa mnanitazama nini?" bibi akasema. "Kimbieni!"

Tukakimbia. Wifi wa jirani tukamwacha na presha yake, popote alipokuwa. Mama alivua ndala akazishika mkononi, jirani akakunja kanga magotini, na watu wa Sengerema wakatupisha barabarani wakidhani kuna msiba. Tulipofika, mtihani ulikuwa umeshaanza na sista wa getini alikuwa hataki kusikia.

"Sista, tulikuwa hospitali, tunamwona mgonjwa," mama akasema akihema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwezi ule.

"Mgonjwa wa nani, wako au wa huyu?"

"Wetu," wakajibu wote wawili kwa pamoja. Sista akatufungulia.

Barua ya kuchaguliwa ilikuja baada ya wiki tano, na ilikuja nyumba ya pili tu. Sitasingizia kuchelewa, kwa sababu yeye na mimi tulichelewa sawasawa. Zilinishinda hesabu. Jirani aliificha barua ile siku nyingi kuliko alivyoificha fomu, akawa anapita uani kwetu ameinamisha kichwa, mpaka mama alipoona godoro jipya likipita mlangoni. Mama akazira. Siku tatu hakumwamkia mtu. Mimi niliona wivu, nikawa naomba rafiki yangu apate surua.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilijifungia ndani. Nikachungulia dirishani, nikamwona mama anatoka bila kuitwa, anajitwisha tranka la yule mtoto kichwani na kulipeleka mpaka barabarani. Jirani analia, mama halii. Alipolitua alimshika binti yule bega akamwambia kwa ukali, kama anamgombeza:

"Usome na fungu la mwenzako."

Nikarudi kitandani nikaufunika uso. Kesho yake nilianza kwenda sokoni.

Likizo ya kwanza rafiki yangu alikuja kwetu kabla hajavua sare. Nilikuwa nimejiandaa kumnunia. Alipiga magoti sakafuni, akafungua begi akaanza kutoa madaftari: baolojia mawili, jiografia mawili, hesabu mawili. Kila somo mawili, mwandiko ule ule, michoro ile ile. Muhula mzima, wenzake wakishamaliza kuandika, yeye alikuwa anaanza upya. Yake akayavuta upande wake. Yale mengine akanisogezea.

Juu ya kila jalada alikuwa ameandika somo, na chini yake Kidato cha Kwanza. Mstari wa jina aliuacha wazi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la nyanya mkononi. Sikuwa na hata kalamu. Rafiki yangu akanipa yake, nikaandika jina langu.